Mtutu wa gobori ulioharibika: unavyopimwa, na mahali ambapo jicho hukoma

Mtu anapouliza kama mtutu wa gobori lililoharibika bado ni salama, kwa kawaida anauliza maswali mawili kwa sentensi moja. La kwanza ni kama silaha hiyo inaweza kushikwa, kuhamishwa na kuhifadhiwa nyumbani bila kumdhuru mtu. La pili ni kama mtutu wake unaweza kustahimili moto wa baruti tena. Maswali haya hupimwa kwa njia tofauti na majibu yake hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wenye busara zao waitazame bunduki kwa dakika chache uani, kisha waseme ni nzima. Ninayatenganisha hapa, na katika la pili nashikilia jambo moja ambalo kila kipimo nitakachokieleza kinalithibitisha: macho na vidole vya fundi makini vinatosha kuukataa mtutu, lakini havitoshi kuupitisha.

Magharibi mwa Kenya pana sababu ya kulijadili jambo hili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika Mumias, makao ya Nabongo (mfalme) wa Wanga, ikitafuta pembe za ndovu, na bunduki zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosafiri nayo. Joseph Thomson alipopita hapo mwaka 1883, mahali hapo palijulikana kama Kwa Sundu na palikuwa kituo kinachofahamika na watu wa misafara. Kufikia mwaka 1895, wakati wa mapigano ya Lumboka na Chetambe kati ya Wabukusu na majeshi ya Waingereza, bunduki hazikuwa kitu kigeni tena katika eneo hili. Wakati huohuo mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Brussels mwaka 1890 ulikuwa umezuia uingizaji wa silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, huku ukiacha mlango wazi, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume (zinazowashwa kwa cheche za jiwe) zisizo na mitaro ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo silaha iliyokwisha kupitwa na wakati Ulaya iliendelea kuruhusiwa huku, na gobori linalotolewa leo darini, likiwa limefungwa kwa gunia, linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyehai katika boma hilo.

Kabla ya kuutazama mtutu wenyewe, ni lazima ijulikane kama kuna kitu ndani yake. Gobori hujazwa kwa mdomo: baruti hutangulia, kisha kitambaa au kizibo cha nyuzi, kisha risasi au marisau, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Ukiitazama kwa nje, bunduki iliyojazwa na isiyojazwa zinafanana kabisa, na haina chumba cha kufungua ili uchungulie. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kwa uwiano wa karibu sehemu 75, 15 na 10, na mchanganyiko huo hauozi kwa kupita miaka. Ukikaa pakavu hubaki na nguvu zake kwa zaidi ya karne. Mwaka 2008, huko Virginia nchini Marekani, mkusanyaji wa mabaki ya kivita aliuawa na kombora la baruti alilokuwa akilisafisha, na kombora hilo lilikuwa la vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1865.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Silaha ilazwe juu ya meza, mdomo wake ukielekezwa mahali pasipo na mtu, na mpimaji asimame kando, asiwe mbele ya mdomo huo hata kwa nukta moja. Ufito mkavu wa mti uingizwe taratibu mpaka ukome, uwekwe alama palipo na mdomo wa mtutu, utolewe, kisha ulazwe juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya ufito ikifika usawa wa tundu la moto, yaani tundu dogo ambamo moto hupita kuiwasha baruti, au usawa wa chuchu inayovalishwa fataki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtutu ni mtupu. Ikikoma sentimita kadhaa kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Huenda ni kiota cha nyigu au bonge la kutu, na katika magobori yaliyotengenezwa na chumba chembamba cha baruti, ufito unaweza kukoma mapema kidogo kwa sababu ya umbo lenyewe. Hata hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hiyo ni bunduki iliyojazwa. Isipashwe moto, isitobolewe kwa keekee, kizibo chake cha nyuma (chuma cha hesi kinachoufunga mtutu kwa nyuma) kisifunguliwe kwa spana, wala mtu asijaribu kukitoa kilichomo kwa kugongagonga. Kituo cha polisi kijulishwe, moja kwa moja au kupitia kwa chifu, na maofisa waje palipo na silaha badala ya mwenye nyumba kuibeba barabarani.

Kuwahusisha maofisa kuna sababu ya pili. Nchini Kenya umiliki wa bunduki unatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayodai cheti, na mwenye gobori la urithi asijiamulie kwamba ukongwe wa kitu hicho unamwondolea wajibu huo. Vilevile, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Gobori lililofika na msafara linaweza kuingia katika kundi hilo, na uamuzi wa kulikata na kuliuza kama chuma chakavu si wa mtu binafsi kuufanya kwa siku moja.

Tuje sasa kwenye mtutu, na kwenye nguvu zinazoufanyia kazi. Baruti inapowaka, hugeuka kuwa gesi ya moto yenye shinikizo ambalo, kwa gobori, linaweza kuwa mamia ya mara ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Shinikizo hilo hufika kilele mapema, risasi ikiwa bado haijasogea mbali, kisha hushuka kadiri risasi inavyokimbilia mdomoni na nafasi nyuma yake inavyoongezeka. Ndiyo sababu mafundi wa kale waliufanya mtutu kuwa mnene upande wa nyuma na mwembamba mbele. Kwa hiyo kasoro ya ukubwa uleule haina uzito uleule kila mahali, na shimo la kutu la milimita moja karibu na mdomo si sawa na shimo kama hilo juu ya chumba cha baruti.

Mwelekeo wa kasoro nao una uzito. Ndani ya bomba lenye shinikizo, nguvu inayojaribu kuupanua mzingo ni karibu maradufu ya ile inayojaribu kulivuta bomba kwa urefu, na kwa hiyo mitutu inayopasuka hupasuka kwa urefu, kama ganda la kunde kavu. Ufa unaouzunguka mtutu ni mbaya, lakini ufa unaokwenda sambamba na mtutu umekwisha kulala katika njia ambayo mpasuko ungeifuata, na unahitaji msukumo mdogo zaidi ili uendelee.

Hesabu moja itaonyesha jinsi nafasi ya usalama inavyoweza kuliwa bila mtu kuona. Chukua mtutu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 18, ukuta wa milimita 5, na shinikizo la megapaskali 60, ambalo ni karibu mara 600 ya shinikizo la hewa. Kwa kanuni ya mabomba yenye kuta nene, chuma kilicho kwenye uso wa ndani wa mtutu kitavutwa kwa megapaskali zipatazo 145. Sasa punguza ukuta kwa milimita 2 tu, ubaki milimita 3, bila kubadili kitu kingine, na mvuto unapanda hadi megapaskali 214. Chuma cha kufua, ambacho ndicho kilichotumika katika mitutu mingi ya kale, huanza kunyooka bila kurudi kati ya megapaskali 160 na 220 hivi. Milimita 2 za kutu zimeutoa mtutu kwenye eneo la usalama na kuuweka pale chuma kinapoanza kushindwa. Hesabu hii imechukulia kwamba ukuta umepungua sawasawa kote, jambo ambalo kutu haifanyi. Kutu huchimba mashimo, na chini ya kila shimo mvuto hujikusanya na kupita ule wa wastani.

Zaidi ya hayo, kiasi hicho cha uimara wa chuma cha kufua hupimwa kwa kukivuta kufuata nyuzi zake. Chuma hicho kina nyuzinyuzi za takataka za tanuri zilizonyooshwa wakati wa kufuliwa, na kikivutwa kwa kukata nyuzi hizo uimara wake hupungua sana. Mtutu wa kawaida wa kale ulitengenezwa kwa bamba refu lililokunjwa kuzunguka chuma cha duara, kisha kingo zake mbili zikaunganishwa kwa moto na nyundo. Nyuzi zililala kwa urefu wa mtutu, na mshono nao ulilala kwa urefu. Upande wa udhaifu wa chuma ukaangukia palepale panapovutwa zaidi. Mafundi walilijua tatizo hilo, na mitutu bora ilitengenezwa kwa ukanda uliozungushwa kama kamba ili nyuzi zizunguke pamoja na mzingo, ingawa njia hiyo nayo iliongeza urefu wa mshono ambao ungeweza kuficha mahali pasiposhikana. Kwa mtu anayepima leo, maana yake ni kwamba hajui uimara wa chuma kilicho mkononi mwake, na hakuna kitabu kitakachomwambia.

Kati ya madhara yote yanayoonekana, uvimbe ndio ulio rahisi kuhukumu. Hutokea kunapokuwa na kizuizi mbele ya risasi, kama vile udongo, kitambaa kilichosahaulika au risasi nyingine iliyokwama, au risasi isiposhindiliwa mpaka iguse baruti, pakabaki nafasi kati yake na baruti hiyo. Gesi inapogonga kitu kilichosimama mbali nayo, shinikizo hupanda ghafla mahali pamoja na kuusukuma ukuta nje kama pete. Pete hiyo wakati mwingine haionekani kwa nje kabisa. Mtutu ukiwa umethibitishwa kuwa mtupu, na kizibo cha nyuma kikiwa kimeondolewa na fundi anayejua kazi hiyo, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na uutazame ndani kwa urefu: mtutu mzima huonyesha mwanga unaoteleza bila kukatika, na penye uvimbe hutokea kivuli cha duara. Kwa nje, rula iliyonyooka ikilazwa juu ya mtutu, huku ukizungushwa polepole, itaonyesha mahali inapoinuka.

Hukumu ya uvimbe haina rufaa. Chuma kilichovimba kimekwisha kuvuka kiwango ambacho kingeweza kurudi katika umbo lake, ukuta umekuwa mwembamba mahali hapo, na chuma kilichobaki kimekuwa kigumu na chepesi kupasuka. Kuupondaponda uvimbe kwa nyundo mpaka urudi chini kunaongeza dhara la pili juu ya la kwanza, na kibaya zaidi, kunaifuta dalili ambayo ingemwonya mtu wa baadaye. Nimeona watu wakisifu kazi ya namna hiyo kwa sababu mtutu umependeza, na sijaona sifa inayostahili kukataliwa kwa nguvu zaidi.

Kutu ni swali gumu zaidi kwa sababu ina daraja. Kutu nyekundu ya juujuu, inayofutika kwa mafuta na kitambaa, haina maana kubwa. Inayoogopwa ni ile iliyochimba, na mara nyingi imechimba mahali pasipotazamwa. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama moshi mzito na masizi yenye chumvi, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa na kula chuma. Gobori lililopigwa mara ya mwisho na kurudishwa bila kuoshwa kwa maji, katika nchi yenye unyevu kama ile inayozunguka Ziwa Viktoria, liliendelea kuliwa kutoka ndani kwa miaka yote lililokaa juu ya kenchi, hata kama moshi wa jikoni uliupa uso wake wa nje rangi nyeusi ya kupendeza. Sehemu inayoliwa zaidi ni chumba cha baruti, ambako masizi hukusanyika na kitambaa cha kusafishia hakifiki vizuri. Mahali pengine ni upande wa chini, chuma kinapolala ndani ya mti wa bunduki, yaani sehemu ya mbao inayoushika mtutu, kwa kuwa maji yakiingia hapo hayatoki. Bila kuutoa mtutu katika mti wake, mpimaji ameona nusu ya kitu anachokihukumu.

Kupima unene wa ukuta kwa kalipa mdomoni hakutoshi, kwa sababu mdomo ndio mwembamba kwa makusudi na ndio unaoshughulikia shinikizo dogo. Tena mitutu ya kale mara nyingi haikutobolewa katikati kabisa, na upande mmoja unaweza kuwa mwembamba kuliko mwingine kwa urefu wote. Kifaa kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, ambacho wakaguzi wa mabomba na matangi hutumia, kinaweza kusoma ukuta kutoka nje, ingawa uso wenye mashimo huyatawanya mawimbi na kukipa kisomo cha kudanganya. Wapo wanaoamua kuupanua mtutu kwa keekee mpaka mashimo yaishe na uso wa ndani ung'ae. Mng'ao huo umenunuliwa kwa ukuta, na hesabu ya milimita 5 na milimita 3 iliyotangulia inaonyesha bei yake.

Nyufa ndizo zinazohitaji subira kuliko yote. Hupatikana zaidi pembeni mwa tundu la moto, kwenye shina la chuchu ya fataki, na kwenye hesi za kizibo cha nyuma, kwa kuwa kila tundu na kila pembe kali ni mahali ambapo mvuto hujikusanya. Dalili ya kwanza inaweza kuwa mstari mweusi wa masizi uliotoka nje ya chuma pasipo na tundu, au kizibo kinachocheza kikishikwa. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele, na hapo jicho husaidiwa na njia ya zamani iliyotumika katika karakana za reli, kabla ya vipimo vya kisasa, kukagua ekseli na vipande vikubwa vya chuma. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na fundi yeyote wa jua kali pale Kibuye anaweza kuielewa njia hiyo kwa maelezo ya dakika mbili, kwa kuwa vifaa vyake ni mafuta ya taa na chaki.

Mtutu uliothibitishwa kuwa mtupu, ukatolewa katika mti na kusafishwa kutu yake yote ya juu, huloweshwa kwa mafuta ya taa kwa saa kadhaa ili mafuta yaingie katika kila upenyo. Kisha hufutwa mpaka ukauke kabisa kwa nje, ukapakwa chaki iliyosagwa na kukorogwa katika spiriti, nayo spiriti ikiisha kuruka hubaki utando mweupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa huanza kutoka, na juu ya weupe huo huchora mstari wa giza. Kuugonga mtutu polepole kwa nyundo ya mti huyaharakisha. Viwandani kazi hiyohiyo hufanywa kwa rangi maalumu nyekundu inayopenya, na wanaotengeneza injini, Nakuru kama Kisumu, huijua kwa kukagulia vifuniko vya silinda. Chuma kinachoshika sumaku kinaweza pia kukaguliwa kwa unga wa chuma: kikitiwa sumaku, unga hujipanga penye ufa.

Mstari ukitokea, mtutu umekwisha. Usipotokea, tumejifunza kidogo kuliko tunavyotamani. Mafuta ya taa huonyesha tu ufa uliofika usoni, na ufa uliojazwa kutu hauyapokei. Ufa ulio ndani ya hesi za kizibo hauonekani kama kizibo hakijatolewa, na kukitoa baada ya miaka mia moja ni kazi ambayo yenyewe hupasua mitutu. Mshono usioshikana vizuri katikati ya unene wa ukuta haujafika ndani wala nje, na unga wa sumaku huuona kwa shida. Picha ya eksirei huweza kuonyesha nafasi tupu ndani ya chuma, lakini ufa mwembamba uliolala kwa pembe isiyolingana na miali unaweza kuikwepa. Kila chombo huondoa shaka fulani na kuacha nyingine, na hapa ndipo tofauti ya kukataa na kupitisha inapokuwa wazi: ili kukataa, ushahidi mmoja unatosha, ilhali ili kupitisha ingebidi kuthibitisha kwamba hakuna kasoro popote, katika chuma ambacho uimara wake haujulikani.

Kuna pia madhara yaliyotokana na moto wa nyumba au mikono ya watu. Mtutu uliokuwa katika nyumba iliyoungua unaweza kuonekana umenyooka na safi, huku joto likiwa limebadilisha chuma chake na kulegeza viungo vilivyounganishwa kwa shaba. Mtutu uliolehemiwa kwa umeme ili kuziba tundu una ukanda pembeni mwa weldi ambao umepashwa na kupoa bila mpango, na ufa hupenda kuanzia hapo. Mitaro iliyokatwa kwa tupa kushikilia shabaha au vishikizo vya chini huula ukuta, na wakati mwingine hufika ndani zaidi kuliko mkataji alivyodhani. Ama bunduki iliyotengenezwa mtaani kwa bomba la maji, haina swali la kupimwa. Bomba hilo lina mshono wake na lilikusudiwa shinikizo dogo mno likilinganishwa na la baruti, na kuitengeneza au kuimiliki ni kosa la jinai.

Baadhi ya mitutu ina mihuri, na mihuri hiyo huwapa wengi imani isiyostahili. Jumba la ukaguzi wa mitutu la Birmingham, Uingereza, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na muhuri wake wa fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji unajulikana sana. Mitutu ya Liège nchini Ubelgiji, mji uliouza bunduki nyingi za biashara nje ya Ulaya, huwa na herufi ELG ndani ya duara la yai. Muhuri wa namna hiyo unashuhudia kwamba mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukapigwa, ukatazamwa, ukaonekana umestahimili. Ushahidi huo ni wa kweli, nao unahusu siku ile. Hauna neno juu ya kutu, uvimbe au tupa zilizofuata. Pia kulikuwa na mihuri ya kuigiza, iliyopigwa na wauzaji waliotaka kuuza chuma hafifu kwa bei ya chuma bora.

Kutokana na mihuri hiyo huja wazo linalosikika kila mahali ambapo watu huzungumza juu ya magobori: lifungwe kwenye gurudumu kuukuu, lijazwe baruti maradufu, livutwe kwa kamba ndefu, na likibaki zima basi ni salama. Mbali na kwamba kufanya hivyo bila idhini ni kuvunja sheria, hitimisho lenyewe si sahihi. Shinikizo kubwa linaweza kuurefusha ufa bila kuukamilisha, na mtutu ukatoka katika jaribio hilo ukiwa dhaifu kuliko ulivyoingia, huku mwenyewe akiwa na ujasiri zaidi. Majumba ya ukaguzi hupima kwa vyombo kabla na baada ya kupiga, hutafuta badiliko dogo la kipenyo, na hufanya kazi kwa kiasi cha baruti kilichowekwa kwa kanuni. Kamba na gurudumu havipimi chochote isipokuwa kwamba mpasuko haukutokea mara hiyo.

Hoja ya mazoea ina kasoro hiyohiyo. Mzee akimwambia fundi, “Mwanangu, babu yangu aliipiga hii maisha yake yote na haikumdhuru,” fundi ana wajibu wa kumjibu kwa heshima zote, “Ni kweli mzee, na kila mara alipoipiga alichukua sehemu ya uhai wa bunduki hiyo.” Chuma kinachovutwa na kuachiliwa mara nyingi hukuza nyufa zake taratibu kwa mvuto ulio chini ya ule ambao ungekivunja mara moja. Miaka ya utumishi wa gobori huhesabiwa upande wa hatari.

Liko jambo moja ambalo hata mtutu usio na dosari hauwezi kulistahimili, nalo ni baruti isiyo na moshi, ile inayotolewa katika risasi za kisasa. Nguvu yake kwa kila gramu ni kubwa mno kuliko ya baruti nyeusi, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyozidi kuwaka kwa kasi. Mtu akisimulia kwamba gobori lilipasuka ghafla bila kuwa na ufa, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama lilijazwa baruti ya namna hiyo.

Kwa gobori lililopimwa na kukutwa tupu, lenye kutu iliyochimba au uvimbe au ufa, jibu la swali la pili, la kustahimili baruti, limekwisha kupatikana, na jibu la swali la kwanza, la kushikwa na kuhifadhiwa, bado ni jema: taratibu za kisheria zikitimizwa, linaweza kuhifadhiwa bila hatari. Lisisuguliwe kwa msasa, kwa maana msasa hufuta mihuri na alama ambazo ndizo zingeonyesha lilikotoka. Kutu iliyolegea itolewe kwa brashi laini na mafuta mepesi, mti wake usipakwe vanishi mpya, na lihifadhiwe pakavu mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kibandiko cha kitambaa kifungwe kwenye pete ya chuma inayolinda kifyatulio, kikiandikwa kwamba silaha ilipimwa ikakutwa tupu, tarehe ya kipimo, kasoro iliyoonekana na umbali wake kutoka mdomoni kwa sentimita, ili mtu mwingine asilazimike kuanza upya wala kushawishika. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ni mahali panapofaa kuulizia asili yake, na picha nzuri za mihuri, za mtambo na za tundu la moto, pamoja na simulizi la familia lililoandikwa wakati wanaolijua wangali hai, zitawasaidia wataalamu kuanza kazi yao bila silaha yenyewe kusafirishwa.